Neno la Mdogo Mbele ya Mkubwa: Historia ya Amri na Usalama Kazini

Meli za divai zilizosafiri kati ya Ufaransa na Uingereza katika karne ya 12 na ya 13 zilifuata sheria za bahari zilizochukua jina la kisiwa cha Oléron, kilicho pwani ya magharibi ya Ufaransa. Mwanzoni kabisa mwa sheria hizo kuna kifungu kinachomhusu nahodha aliye bandarini akingoja upepo. Kabla ya kung'oa nanga alitakiwa awaulize mabaharia wake wanaionaje hali ya hewa. Wakitofautiana, afuate wengi. Akikaidi na chombo kikapotea, fidia ilimwangukia yeye. Hizo zilikuwa zama za makabaila na watwana, ambapo mtu wa chini hakuwa na kauli mbele ya bwana wa ardhi. Ila juu ya sitaha, mahali ambapo kosa la mmoja liliwazamisha wote, kauli hiyo ilitambuliwa na sheria.

Katika Bahari ya Hindi mamlaka ya chombo yaligawanywa kwa namna nyingine. Nahodha alikuwa mwenye chombo au wakili wake. Njia ilikuwa mikononi mwa mwalimu, mjuzi wa nyota, vina na miamba. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ambaye kitabu chake kikuu cha elimu ya bahari kilikamilika karibu na mwaka 1490, alikuwa mwalimu wa aina hiyo. Miaka mia moja baadaye Abu'l Fazl, mwandishi wa Mfalme Akbar wa India, aliorodhesha vyeo vya melini na bado akawaweka wawili hao mbalimbali. Sheria za bahari za Malaka, za mwishoni mwa karne ya 15, zilisema wazi kwamba nahodha awapo baharini ni kama sultani. Hata hivyo zilimtaka afanye shauri na wenye mali kabla ya kutosa shehena. Watu wa pwani yetu husema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hawakosei: wimbi likishapanda hapana nafasi ya kikao. Lakini methali hiyo inawasema wanaoamuru. Haikuwahi kumwambia aliyeuona mwamba kwamba anyamaze.

Nahodha asiyehojiwa ni zao la zama zilizofuata. Kati ya karne ya 17 na ya 18 mataifa ya Ulaya yalijenga manowari kubwa zenye mamia ya watu, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu bandarini na kutiwa jeshini. Kundi la namna hiyo halikuongozwa kwa shauri. Bunge la Uingereza lilipitisha Kanuni za Vita za jeshi la majini mwaka 1661, na mwaka 1749 zikakazwa zaidi, adhabu ya kifo ikienea hadi kwa makamanda wenyewe; Admirali John Byng alipigwa risasi juu ya sitaha tarehe 14 Machi 1757 kwa kosa la kutofanya kila aliloweza vitani. Kabla ya hapo, tarehe 22 Oktoba 1707, msafara wa Admirali Cloudesley Shovell ulikuwa umegonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku. Meli nne zilizama na zaidi ya watu 1,400 wakafa. Baadaye ilizuka hadithi kwamba baharia mmoja alikuwa ameonya kuwa wamepotea njia, naye akanyongwa kwa kiburi cha kumkosoa admirali. Hadithi hiyo haina ushahidi. Ila watu waliisimulia kwa vizazi bila kuishangaa, na hilo linatosha kuonyesha walivyoielewa amri ya enzi zao.

Karne ya 19 iliifikisha desturi hiyo kileleni, na tukio la 22 Juni 1893 linastahili kutazamwa kwa utulivu. Manowari za Uingereza katika Bahari ya Kati zilikuwa zikienda katika safu mbili karibu na Tripoli, pwani ya Lebanoni. Safu moja iliongozwa na HMS Victoria, ambamo alikuwamo mkuu wa kikosi, Admirali George Tryon; ya pili iliongozwa na HMS Camperdown chini ya msaidizi wake, Albert Markham. Tryon aliamuru meli zigeuke kuelekeana huku safu zikiwa zimeachana kiasi cha mita 1,100. Kila moja ya meli hizo ilihitaji zaidi ya mita 700 ili igeuke. Hesabu ilikuwa ya mtoto wa shule. Ofisa wa uongozaji alishauri umbali uongezwe, Tryon akakubali, kisha akaandika ule ule wa awali. Alipotumiwa ofisa kuulizia, akajibu ubaki hivyo hivyo.

Kwenye Camperdown, Markham aliiona hatari. Bendera ya kuashiria kwamba amri imeeleweka aliipandisha nusu tu, akakawia. Tryon akamtumia ishara, hadharani mbele ya kikosi kizima, kumuuliza anangoja nini. Markham akatii, akijiambia kwamba mkuu wake, ambaye ujuzi wake ulisifiwa na jeshi zima, lazima ana mbinu ambayo yeye haioni. Katika dakika za mwisho nahodha wa Victoria alimwomba Tryon mara tatu ruhusa ya kurudisha meli nyuma kabla ya kujibiwa. Camperdown ikaitoboa Victoria, nayo ikazama ndani ya robo saa. Walikufa watu 358, Tryon akiwa mmoja wao.

Mahakama ya kijeshi ilikiri kwamba lawama ni za Tryon, na ikasikitika kwamba Markham hakuutuma ujumbe wa mashaka aliokuwa ameukusudia. Papo hapo ikaongeza kwamba kumlaumu mtu kwa kutii amri ya mkuu wake aliyekuwapo mwenyewe kungeliangamiza jeshi. Sentensi hizo mbili haziwezi kukaa pamoja, na majaji walilijua hilo. Walichagua utii. Kinachochoma zaidi ni kwamba Tryon alikuwa mtu wa mageuzi: miaka miwili mitatu ya mwisho wa uhai wake aliitumia kuwafundisha makamanda wake kuamua wenyewe bila kungoja bendera. Aliwafundisha hivyo kwa amri, kwa ukali, akiwa mtu wa kuogopwa.

Wakati huo huo desturi ya manowari ilikuwa imeshahamia nchi kavu, kwenye migodi, viwanda na reli. Ufaransa ilijaribu kuipunguza makali kwa sheria ya tarehe 8 Julai 1890 iliyowapa wachimbaji haki ya kumchagua mwenzao awe mkaguzi wa usalama. Mkaguzi huyo aliruhusiwa kuona na kuandika. Kusimamisha kazi hakuruhusiwa. Mwanzoni mwa Machi 1906 moto uliwaka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Courrières, kaskazini mwa nchi. Mkaguzi wa wachimbaji, Pierre Simon, alitaka watu wasishuke hadi moto uzimwe. Kampuni ikakataa. Asubuhi ya tarehe 10 mgodi ulilipuka na kuua watu 1,099, wakiwamo watoto wengi.

Miaka mitano baadaye Mmarekani Frederick Taylor alichapisha nadharia yake ya usimamizi wa kisayansi: kufikiri ni kazi ya ofisi, kutenda ni kazi ya mkono. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni hakukuhitajika nadharia. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, iligharimu maisha ya karibu vibarua 2,500 kutoka India. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, katika nchi ambayo leo ni Kenya, ikafanya kumkaidi mwajiri kuwa jinai ya faini au kifungo. Mnyapara akiagiza, kibarua aliitika. Anayestaajabu leo kwa nini katika karakana na mashamba yetu mtu huona hitilafu akaitazama tu, asiishie kwenye mila za kabila lake; aiangalie na sheria hiyo.

Usafiri wa anga ulipozaliwa ulivaa nguo za baharini. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Pan American iliwavisha marubani wa ndege zake za kutua majini sare za maofisa wa meli, ikamwita mkubwa wao kapteni. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliweka misingi ya usafiri wa anga wa kimataifa, na kanuni zilizotokana nao zikamfanya rubani mkuu kuwa mwenye uamuzi wa mwisho ndani ya ndege. Jambo hilo lilikuwa la lazima na linabaki hivyo mpaka sasa. Tatizo lilikuwa katika tabia iliyolizunguka. Wengi wa makapteni wa mwanzo walitoka jeshini, na msaidizi alionekana kama mwanafunzi aliyebahatika kukaa karibu na bingwa.

Gharama ya tabia hiyo ilionekana Jumapili ya tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Bomu lilikuwa limelipuka Gran Canaria, ndege zikaelekezwa kwenye uwanja huu mdogo, na ukungu ukashuka. Ndege ya KLM aina ya Boeing 747 iliongozwa na Jacob Veldhuyzen van Zanten, mkuu wa mafunzo ya ndege hizo katika kampuni yake na sura ya matangazo yake ya biashara. Rubani msaidizi alikuwa amethibitishwa kurusha 747 na van Zanten huyo huyo, muda mfupi tu kabla ya safari hiyo. Kapteni alikuwa na haraka: sheria mpya za Uholanzi kuhusu saa za kazi za marubani zilitishia kuizuia ndege kisiwani usiku kucha.

Kapteni aliposukuma mitambo mara ya kwanza, msaidizi alisema hawajapata ruhusa. Alisikilizwa, akaambiwa aiombe. Mara ya pili ndege ilianza kwenda yeye akiwa bado anazungumza na mnara wa kuongozea ndege, na ruhusa waliyopewa ilikuwa ya njia ya kufuata angani tu, haikuwa ya kuruka. Msaidizi hakurudia kusema. Nimesoma habari za ajali hiyo mara nyingi, na sijaona mahali panapofundisha kuliko kimya hicho: mtu aliyekuwa ameshamrekebisha mkubwa wake mara moja aliona kwamba kumrekebisha mara mbili ni utovu wa adabu. Akabaki mhandisi wa ndege, aliyeuliza iwapo ndege ya Pan Am, iliyokuwa ikipita kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia, ilikuwa haijaondoka. Kapteni alimjibu kwa mkazo kwamba imeondoka. Sekunde chache baadaye zikagongana. Walikufa watu 583, idadi ambayo hakuna ajali nyingine ya ndege iliyoifikia.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United ilizunguka karibu saa nzima juu ya Portland, Marekani, huku kapteni akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake waliona mafuta yakiisha. Walitaja, walidokeza, walitoa hesabu. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba wasipotua sasa wataanguka. Injini zikazimika, na watu 10 wakafa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ikatoa pendekezo lililokuwa geni wakati huo: makapteni wafundishwe kusikiliza, na wasaidizi wafundishwe kusema. Juni 1979 shirika la NASA liliitisha warsha juu ya jambo hilo, na mwaka 1981 United ikaanzisha mafunzo kamili. Makapteni wa zamani waliyacheka, wakayaita darasa la adabu za mezani. Kisha tarehe 19 Julai 1989 ndege ya kampuni hiyo hiyo aina ya DC-10 ilipoteza mifumo yake yote ya kuiongoza. Kapteni Al Haynes alikiri hajui la kufanya, akakaribisha ushauri wa kila aliyekuwapo, hata wa mkufunzi wa marubani aliyekuwa akisafiri kama abiria, na kwa pamoja wakaifikisha hadi uwanja wa Sioux City. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 184 walipona. Kicheko kikapungua.

Nje ya usafiri wa ndege muongo uliofuata, wa 1980, ulikuwa mchungu. Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha Challenger walipinga kirushwe katika baridi kali. Wakubwa wao, wakisukumwa na mteja, waliondoa pingamizi hilo, na wanaanga 7 wakafa. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la mafuta la Piper Alpha liliwaka katika Bahari ya Kaskazini. Majukwaa jirani yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye moto huo, kwa kuwa wasimamizi wake, ambao waliuona kwa macho yao, walisitasita kufunga mitambo bila idhini kutoka nchi kavu. Walikufa watu 167. Ripoti ya Jaji Cullen ya mwaka 1990 ilikuja na mapendekezo 106. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ulikuwa tayari umeshamlinda mfanyakazi anayejitoa mahali penye hatari kubwa ya papo kwa papo. Juni 2022 mkataba huo ulipandishwa kuwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo.

Miaka ya 1990 ilileta maelezo mapya, na kwa maoni yangu yalipokewa kwa haraka mno. Mwaka 1980 Mholanzi Geert Hofstede alikuwa amezipima nchi kwa jinsi watu wake wanavyoukubali umbali kati ya mkubwa na mdogo. Ndege ya Korean Air ilipoanguka Guam tarehe 6 Agosti 1997 na kuua watu 228, na nyingine ya mizigo ilipoanguka karibu na Stansted, Uingereza, tarehe 22 Desemba 1999, wengi waliona jibu ni utamaduni wa Kikorea. Ushahidi wa Stansted ulikuwa mzito kweli: kipimo cha kapteni kiliharibika, mhandisi akaonya kwamba ndege inalala, na msaidizi ambaye kipimo chake kilikuwa kizima hakusema neno mpaka wote wanne wakafa. Lakini Tryon alikuwa Mwingereza, na van Zanten alitoka katika taifa linalojisifu kwa kusema kweli usoni. Mwaka 2000 Korean Air ilimwajiri David Greenberg kutoka Delta aongoze shughuli za urushaji, ikabadili mafunzo na namna ya kupandisha vyeo. Watu walibaki Wakorea, na kwa zaidi ya miaka ishirini iliyofuata kampuni haikupoteza abiria hata mmoja kwa ajali. Utamaduni wa taifa zima haugeuki kwa miaka michache. Uliogeuka ni wa chumba cha marubani.

Kwetu somo lilifika tarehe 5 Mei 2007. Ndege ya Kenya Airways KQ507 iliondoka Douala, Kameruni, usiku wa mvua, ikiwa na watu 114. Kapteni alikuwa na umri wa miaka 52, msaidizi 23. Waliruka bila ruhusa ya mnara. Mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe haukuwashwa ingawa kapteni alidhani umewashwa, ndege ikalala polepole upande wa kulia gizani, na hapana aliyetazama vipimo mpaka ikawa imechelewa. Hakupona mtu. Ripoti ya serikali ya Kameruni, iliyotolewa mwaka 2010, ilitaja kapteni kupotewa na mwelekeo, kutofuata taratibu na kukosekana kwa ushirikiano kati ya wawili hao. Kijana wa miaka 23 aliyelelewa kwa methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu anahitaji zaidi ya cheti ili amwambie mtu wa umri wa baba yake kwamba amekosea. Anahitaji mkubwa aliyemwambia kabla ya safari: ukiona kitu, sema, nami sitakasirika. Mashirika mengi sasa yameliandika hilo kama kanuni. Rubani anayeendesha akikosa kujibu maonyo mawili, mwenzake anachukua usukani.

Kutoka angani mafunzo hayo yaliingia hospitalini. Mwaka 2005 mke wa rubani Mwingereza Martin Bromiley alifariki baada ya kupewa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji mdogo, njia yake ya hewa ilipoziba. Wauguzi walikuwa wameshaleta vifaa vya kutoboa koo na kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi. Madaktari bingwa, wakiwa wamezama katika kujaribu lile lile, hawakuvitumia, na wauguzi hawakujua waseme vipi. Bromiley aliitambua Tenerife katika chumba hicho, na mwaka 2007 akaanzisha chama cha kuwafundisha matabibu. Shirika la Afya Duniani nalo lilitunga orodha ya ukaguzi wa upasuaji na kuijaribu katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, bondeni mwa Kilombero. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, daktari mpasuaji sawasawa na muuguzi. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Serikali nyingi zikaichukua orodha hiyo. Jimbo la Ontario, Kanada, lilizitaka hospitali zote ziitumie na kutoa taarifa kuanzia mwaka 2010, nazo zikaripoti kwamba zinaitumia karibu kila mara. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha hospitali 101 za jimbo hilo kabla na baada ya agizo, wakakuta vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Karatasi ilikuwa ya asili moja na ile iliyotumika Ifakara. Ifakara na wenzake saba walianza kwa mafunzo, wakiongozwa na watu wa hospitali zao wenyewe. Ontario ilipokea waraka kutoka juu, wenye tarehe ya mwisho.